Mstari Wenye Jina Lako

Mwalimu,

Kanuni zako hazipo tena ukutani ofisini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiniuliza kila asubuhi kabla sijaweka mkoba chini, kama leo nimeusoma ukuta. Ukuta wenyewe umepakwa rangi ya kijivu, kijivu cha maji ya kuoshea sufuria, na pale palipokuwa na karatasi zako saba Fahmi amebandika picha ya mlima wenye theluji na maneno ya kutuhimiza tufike kileleni. Mlima wa theluji, Mwalimu, katikati ya Mji wa Kale, juu ya duka la udi, na feni bado ni ile ile inayozunguka ikitaka. Nilichefukwa tangu siku ya kwanza. Nikahamisha kiti changu niupe mgongo, lakini mlima ukajionyesha kwenye kioo cha kompyuta, nikauona vivyo hivyo.

Najua Fahmi ni mtoto wa dadako na hukupenda asemwe. Uliniomba nimvumilie, nikamvumilia ulipokuwa hai kwa sababu ulikuwa unakaa katikati yetu. Sasa kiti chako anakikalia yeye, na hakukikalia hata mwezi kabla ya kukibadilisha. Kile cha mbao amekitoa nje kwenye ngazi, wanawekea ndoo ya kupigia deki. Nimekiona kina alama ya mviringo ya ndoo, na hapo ndipo ulipokuwa ukiketi ukirekebisha makosa yangu.

Nimekuandikia kukueleza jambo moja na ninalizungukazunguka. Utanisamehe. Niache kwanza niseme yanayonikirihi, maana yako mengi, halafu nitafika kwangu.

Unakumbuka siku niliyokuja? Nilikuwa na cheti kipya cha chuo na kichwa kigumu. Nilifundishwa kwamba kila kitu katika programu kina aina yake, na kila aina hubeba kazi zake tumboni. Ukanikalisha, ukanimiminia kahawa, ukaniambia kuna ghala Mbaraki linalopokea asidi ya betri na klorini ya kutilia mabwawa ya hoteli, na viwili hivyo havikai jirani, kwa sababu vikikutana hutoka moshi unaokata pumzi. Ukataka kujua ujuzi huo mimi ningeuweka wapi, ndani ya asidi ama ndani ya klorini. Nikasema ndani ya asidi. Ukauliza, na siku klorini ikitangulia kuingia? Nikasema basi ndani ya zote mbili. Ukauliza, na siku utakaporekebisha huku ukasahau kule? Nikaangalia kikombe.

Hapo ndipo uliponifungulia Lisp, lugha uliyoandikia programu zako. Ukanionyesha kwamba mle swali husimama peke yake, nje ya mizigo yote, likawaangalia wawili kwa pamoja ndipo likajibu. Mzigo una sifa zake tu: uzito, harufu, mahali ulipo. Lakini "hawa wanaweza kuwa majirani?" si mali ya asidi wala si mali ya klorini. Nilikuwa nimekaa chuo miaka minne na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilirudi kwangu Makadara kwa miguu siku ile, nikawapita wauza viazi karai bila kununua, kwa kuwaza tu.

Na zile kanuni. Watu walidhani ni ukali wa mwalimu mstaafu asiye na la kufanya. Karatasi ya kwanza ilisema swali lolote lisijibiwe kabla ya kutangazwa, na hapo linapotangazwa, kwenye ule mstari wa defgeneric, yaandikwe maneno ya Kiswahili yanayoeleza swali linaahidi nini na nani amelileta. Mimi nilitaka kuandika Kiingereza ili tuonekane watu. Ulisema atakayeyasoma siku ya hatari ni mtu wa hapa, na atakuwa na haraka. Kwa hiyo chini ya swali la ujirani kuna maelezo yako yote marefu, kila jibu na sababu yake, na kila sababu imeandikwa "kwa maelezo ya Mzee Kalume". Mzee Kalume, msimamizi wa ghala, ambaye ulikwenda kwake Mbaraki mara kwa mara ukiwa na buibui lako na daftari, ukimwomba akueleze harufu ya kila pipa, mpaka makuli wakakuzoea wakawa wanakuwekea kreti ukalie.

Karatasi ya tatu ndiyo ile ya hodi. Siwezi kuifikiria bila uso kuwaka.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nataka kubadilisha mahali pa mzigo, na badala ya kupitia mlango uliouweka, nikatumia slot-value, ambayo ni njia ya kuingia moja kwa moja mpaka ndani ya mzigo na kushika kitu chake kwa mkono. Ilifanya kazi. Nilikuita nikuonyeshe jinsi ilivyofanya kazi. Ulijitanda buibui, ukaniambia nikufuate, tukashuka ngazi mpaka mlango wa Bi Mwanaidi wa chini. Mlango wake uko wazi tangu alfajiri mpaka magharibi, pazia tu ndilo lililoshuka, na sauti ya redio inatoka. Ukaniambia niingie mpaka jikoni nikakutwalie chumvi. Nikasimama. Ukaniambia mlango u wazi, jikoni ni pale, chumvi iko kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, wewe waijua. Nikasimama bado. Ukaniuliza mbona siingii, nikasema sijapiga hodi.

"Ehe," ukasema. "Na kwa mzigo wangu, mbona waingia tu?"

Bi Mwanaidi alitoka akatukuta tumesimama kwenye pazia lake, mimi nataka kulia na wewe unacheka. Akatupa chumvi ambayo hatukuihitaji. Tukarudi juu, ukanieleza kwa utaratibu. Pale mlangoni, kwenye kile kitu kiitwacho "mahali", ulikuwa umeweka bawabu. Kila mzigo unapotaka kuhamia mahali papya, bawabu huuliza swali la ujirani kwa kila aliyeko upande huu na upande ule, na jibu likiwa hapana, mzigo hauhami. Anayepita mlangoni hukutana naye. Anayeingia kwa slot-value hakutani na mtu, na mizigo haisemi kitu, inakaa pale alipoiweka. Uliniambia mlango wazi ndio unaotaka hodi zaidi ya uliofungwa. Siku zile niliona ni maneno ya watu wa Mji wa Kale, watu wa adabu nyingi.

Sasa nikueleze wanavyofanya, ujue ninayapitia. Fahmi ameajiri wawili, vijana wastaarabu wanaoamkia vizuri, na wanaandika uchafu. Karatasi yako ya pili ilisema jina la sifa lisibebe jina la aina: uzito ni uzito, iwe wa pipa au wa gunia, ili swali moja liwatoshe wote. Wao wameandika uzito-wa-mzigo-wa-pipa, halafu uzito-wa-mzigo-wa-gunia, halafu uzito-mpya, na uzito-mpya ndio wa zamani. Karatasi ya nne ilisema aina isirithi kutoka nyingine ila ukiweza kusema "huyu ni yule" mbele ya watu bila kuona haya. Nimekuta aina ya jokofu imerithi kutoka aina ya lori. Nilipouliza, nikaambiwa yote mawili yana nambari ya usajili. Jokofu letu, Mwalimu, linaweza kupigwa breki.

Na kuna aina moja wameiita Meneja. Meneja anafanya kila kitu. Anapokea, anapanga, anahesabu, anachapa, anaomba radhi. Kila anayekwama anaongeza mistari kwa Meneja, na hakuna swali lililotangazwa wala neno moja la kueleza. Nikisoma mle nahisi kama nimeonja maziwa yaliyooza nikidhani ni mtindi. Naomba maji.

Basi. Nimeyasema yote hayo na ni kweli yote. Lakini si Meneja aliyemuumiza Mzee Kalume, wala si jokofu.

Ulifariki Ijumaa alfajiri. Ukazikwa Ijumaa hiyo hiyo baada ya sala, haraka kama desturi yenu, na mimi niliyezoea kwetu maiti kungojea jamaa mpaka wiki mbili sikuwa tayari. Niliketi juu na wanawake nikiwa nimefunikwa leso niliyoazimwa, nikasikia wanaume wanakutoa chini, na sikujua ninatakiwa nifanye nini na mikono yangu. Jumamosi nilikuja matangani. Jumapili nikaja. Jumatatu sikuweza tena kukaa kwenye mkeka nikisikiliza watu wakikusifu kwa mambo ambayo si yako, eti ulikuwa mpole. Nikaenda ofisini, peke yangu, nikafungua madirisha.

Saa nne simu ikalia. Wa Mbaraki. Wamepokea mzigo mwingi wa mara moja, orodha ndefu, na programu inakwenda polepole, inauliza swali la ujirani kwa kila mzigo na kila jirani, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Unaijua ile sauti ya karani wao. Fahmi alikuwa matangani, nikampigia, akasema nifanye iende tu, atakuja baadaye. Kompyuta yangu haikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mashine ya ghala, ni yako peke yake iliyokuwa nayo. Nikaketi kwenye kiti chako. Ulikuwa umeacha miwani yako ya kusomea juu ya meza, imefunguka miguu.

Nikaandika mstari mmoja. Mmoja tu, Mwalimu. Kila kilicholetwa kwa orodha kikawa kinaingizwa mahali pake kwa slot-value, moja kwa moja, bila mlango, bila bawabu. Nilijiambia orodha ile imekwisha kuangaliwa kwa macho, hakuna hatari ndani yake, na kweli siku ile haikuwemo. Nilijiambia nitauondoa malori yakishapita. Programu ikaruka. Karani akanishukuru, akaniombea kwa Mungu.

Halafu nikaona jambo, na hili ndilo sijamwambia mtu kabla ya jana. Kila mstari unapohifadhiwa, kumbukumbu ya mabadiliko huandika jina la mwenye kompyuta. Ikaandika lako. Rukia, na siku, na saa. Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba iliyojaa watu wanaosema "alikuwa", na mbele yangu kikatokea kitu kinachosema Rukia amefanya kazi leo asubuhi. Nilipaswa kurekebisha jina. Ni kazi ya dakika moja. Sikurekebisha. Niliona raha, Mungu anisamehe, nikaketi nikaliangalia jina lako kama mtu aliyepokea salamu, nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Wala mstari sikuuondoa, kwa sababu kila nilipokumbuka nilikumbuka na jina, na sikutaka kulifuta.

Arobaini yako ilipita. Nilikula pilau yako nikalia kwenye sahani.

Wiki iliyofuata, Mbaraki, iliingia shehena ya ndoo za klorini na karani akaipitisha kwa orodha, kama alivyozoea sasa kwa kuwa ni rahisi. Programu ikazipanga ndoo zile kando ya mapipa ya asidi. Haikuuliza mtu. Kifuniko cha pipa moja kilikuwa kimelegea, joto unalijua, asidi ikatiririka chini ya mbao mpaka kwenye ndoo iliyopasuka. Mzee Kalume alisikia harufu akiwa mlango wa pili. Aliwatoa makuli wote sita, na wa mwisho alimfuata ndani akamkokota. Yeye ndiye aliyevuta moshi mwingi. Alilazwa siku tisa. Sasa yuko nyumbani na sauti yake imekuwa nyembamba, ya kukwaruza, na akipanda ngazi tatu anasimama.

Nilijua papo hapo. Karani hakumaliza kueleza kwenye simu, mimi nilikuwa nimeshajua ni mstari gani, nikatoka nikatapika kwenye karai la kufulia la Bi Mwanaidi. Akadhani nina mimba.

Nilimwambia Fahmi. Hilo nataka ulijue, nilimwambia siku ile ile, kabla ya mkutano na wenye ghala. Alifunga mlango, akanimiminia chai kwa mkono wake, ya tangawizi, akaongeza sukari bila kuniuliza kwa sababu anajua nanywa vipi. Hakunikemea. Alifungua kumbukumbu akautazama mstari muda mrefu, na nikaona kidole chake kimepita kwenye jina kikasimama kwenye tarehe. Aliiona, Mwalimu. Jumatatu, siku tatu baada ya kukuzika. Akashusha skrini polepole.

"Yeye hadhuriki tena, Kadzo," akasema. "Wewe ndiye wadhurika. Na ofisi hii yadhurika. Hebu tumwache atubebee hili, ni mamangu mdogo, najua angekubali."

Alisema kwa upole. Ingekuwa kwa ukali ningemkatalia. Nilikunywa chai yote.

Kwenye mkutano aliwaonyesha wenye ghala mstari na jina. Akasema marehemu alikuwa amechoka siku za mwisho, maradhi yalimpunguzia umakini, Mungu amrehemu, na tena lugha yenyewe aliyoitumia ni ya kizamani, haina walinzi kama lugha za sasa. Haina walinzi. Bawabu wako alikuwa pale pale mlangoni akingoja kuulizwa, na mimi niliyemzunguka nilikuwa nimeketi na kalamu mkononi. Wakasema wote, Mungu amrehemu. Wakaandika. Hakuna aliyesoma tarehe, imeandikwa herufi zile zile, sentimita mbili kutoka kwenye jina. Tukapewa sambusa. Nilikula moja, ili mikono iwe na kazi.

Siku kumi na moja nilinyamaza. Katika siku hizo ndipo ukuta ulipopakwa rangi, maana Fahmi alisema tuanze upya, na kanuni zile zimetuletea msiba. Karatasi zako alizitia kwenye mfuko wa taka pamoja na maganda ya machungwa. Nilisubiri aondoke nikazitoa. Ya tano ina doa la chai, ya saba imechanika pembeni, na ya tatu nilishindwa kuisoma nikaikunja hivyo hivyo nikaitia kifuani. Nilikuwa nikimchukia Fahmi kwa moyo wangu wote, kwa bidii, kama kazi. Nilichukia namna anavyosema "marehemu shangazi" mbele ya wageni, wakati wewe si shangazi yake, ni mama yake mdogo. Nilichukia Meneja, nikachukia mlima. Kumchukia kulinisaidia sana. Nilikuwa nalala.

Juzi nikaenda kumwamkia Mzee Kalume. Anakaa kwa bintiye, ng'ambo ya Kisauni, amewekewa kiti barazani ili apate upepo. Nilimpelekea machungwa. Nilimkuta amekasirika, si kwa moshi, kwa habari alizoletewa na karani, kwamba kosa ni la yule bibi wa Mji wa Kale. Alisema kwa ile sauti yake iliyobaki, akipumzika kila maneno matatu, na sikuthubutu kumkatiza.

"Yule mama alinihoji harufu mwaka mzima. Akanisomea alichoandika, neno kwa neno, nikubali kwanza. Hakukosea hilo. Aseme anayetaka, mimi sikubali, wanirudishe kazini ama wasinirudishe."

Kumbe wenye ghala wamemwekea sharti. Wamemwambia akitia saini karatasi inayosema programu ya marehemu ndiyo iliyokosea, atarudishwa kazi ya kukaa, ya kuandika malori getini. Akikataa, hawana nafasi ya mtu asiyeweza kupanda ngazi. Na amekataa. Mzee mwenye mapafu nusu amekataa kutia saini uongo juu yako, na mimi mwanafunzi wako nimekula sambusa.

Nilitoka pale nikatembea mpaka nikapita kituo bila kujua. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa Fahmi kilinigeukia chote, hakikubaki hata kidogo kwake. Nilinusa mikono yangu mwenyewe kwenye gari. Nilihisi inanuka.

Jana nikaenda Mbaraki. Nilipanda mpaka ofisi ya juu ya ghala na nikasimama mlangoni, ulikuwa wazi, nikapiga hodi, nikangoja mpaka nikaambiwa karibu. Walikuwepo wenye ghala wawili na karani. Fahmi alikuwepo pia, alikuja kuwaonyesha programu mpya, ya Meneja. Nikaomba kompyuta. Nikafungua kumbukumbu, nikaweka kidole kwenye jina lako, halafu nikakisogeza kwenye tarehe, nikawaambia waisome kwa sauti. Karani akasoma. Kisha akaisoma tena, kwa sababu alikuja kukuzika, alikuwa mmoja wa waliolishika jeneza.

"Mwalimu Rukia alizikwa Ijumaa," nikasema. "Huu ni wa Jumatatu. Niliuandika mimi, nikiwa nimeketi kwenye kiti chake."

Nilidhani nitalia, sikulia. Niliwafungulia swali la ujirani nikawaonyesha maneno yako ya Kiswahili, kwa maelezo ya Mzee Kalume, klorini na asidi, hapana, na sababu. Niliwaonyesha bawabu. Niliwaonyesha jinsi mstari wangu ulivyompita. Nikaandika orodha ile ile ya siku ya moshi, safari hii kwa kupitia mlangoni, na programu ikakataa, ikaandika sababu chini, kwa Kiswahili, kama ulivyotaka ieleweke na mtu mwenye haraka. Mmoja wa wenye ghala aliisoma mara mbili. Aliuliza kwa nini hawakuonyeshwa hii siku ya mkutano. Fahmi alikuwa anaangalia viatu vyake, na sitakuongopea, nilimwonea huruma kidogo, ikapita.

Ofisini sina kazi tena. Fahmi alinitumia ujumbe kabla sijafika Makadara, mfupi, bila hata salamu. Wenye ghala wamesema nitaitwa kueleza tena mbele ya wakili wao, na linaloweza kunipata linaweza kunipata, silijui bado. Karatasi ya Mzee Kalume wameichana mbele yangu. Programu yako wameiacha ikiendelea mpaka waamue, na mimi ndiye niliyeurudisha mstari upitie mlangoni na kuweka jina langu mahali pa lako kabla ya kuondoka, nikiwa nimesimama, wakiwa wananiangalia mikono.

Nyumbani nimezibandika karatasi zako saba juu ya meza ninayolia chakula. Ya tatu nimeipiga pasi ikiwa na leso juu yake, mikunjo haijatoka yote. Mwenye nyumba ameuliza kama ni dua, nikamwambia ni namna ya kuishi na majirani. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Mwalimu, sikuji kukuomba radhi kwenye karatasi. Nitakuja makaburini na Bi Mwanaidi, amesema atanionyesha pa kusimama na la kusema, na nitaomba kwa namna yangu na yeye kwa yake. Nakuahidi mambo mawili tu, maana ulichukia ahadi nyingi. Nitaishika kazi hii popote nitakapopata kuishika, na kila swali nitakaloandika nitalitangaza kwanza na kutaja aliyenifundisha. Na mlango hata ukiwa wazi, hata malori yakiwa yamefika barabarani, nitasimama nje nipige hodi.

Pumzika, mamangu. Jana pale ghalani niliangalia kumbukumbu kabla ya kuzima. Mstari wako wa mwisho sasa ni ule wa Jumatano kabla hujalazwa, ulipoongeza neno "tafadhali" kwenye maelezo ya bawabu. Unaofuata ni wa Jumatatu, na una jina langu.

Kadzo
Makadara